Tukate Kauli Kabla ya Kauli Kukatika: Kiswahili na Matakwa ya Mgonjwa Mahututi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wakenya tumeuzingatia usemi huu kwa kiasi fulani katika mambo ya mashamba, mifugo, akaunti za benki na hisa za vyama vya ushirika. Mtu anapoona umri umemwendea humwita wakili, au huwakusanya wazee wa ukoo, akagawa. Hata hivyo, lipo jambo lenye thamani kuliko shamba ambalo wengi wetu huliacha bila daftari, nalo ni kauli ya mtu kuhusu mwili wake mwenyewe siku atakapokuwa mahututi. Je, angependa kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia? Moyo wake ukisimama, angependa ushtuliwe? Angependa kulishwa kwa mrija? Angependa kumalizia siku zake hospitalini au nyumbani kwake? Na ni nani atakayemsemea pale atakaposhindwa kusema?

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yana uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Si ya madaktari na mawakili haya? Makala haya yanashikilia kwamba la. Kabla ya kuwa suala la tiba au la sheria, hili ni suala la lugha, kwa sababu matakwa ya mgonjwa yaliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa si matakwa yake. Ni yetu sisi, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kuhakikisha kwamba anayetaka kuyaandika anapata maneno ya kuyaandikia.

Lugha yetu yenyewe imelibeba suala hili kwa muda mrefu. Msemo "kukata kauli" una maana mbili. Maana ya kwanza, ambayo kila mwanafunzi anaijua, ni kuamua. Maana ya pili, ambayo vijana wengi hawaitumii tena, ni kufikia hali ya kutoweza kusema kwa kukaribia kufa. Maana hizo mbili zinakutana katika msemo mmoja, na baina yao ndimo tunamoishi. Asiyekata kauli kwa maana ya kwanza mapema, siku moja atakata kauli kwa maana ya pili, na hapo wengine watamwamulia.

Hali ilivyo

Tutazame yanayotokea katika wodi nyingi humu nchini. Muuguzi humweleza mgonjwa hali yake kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama iwapo wote wawili ni wa eneo moja. Mgonjwa hujibu kwa lugha iyo hiyo. Kisha yaliyosemwa huandikwa kwa Kiingereza katika faili, na fomu ya idhini anayopewa atie sahihi au alama ya kidole gumba mara nyingi nayo ni ya Kiingereza. Kati ya kinywa cha mgonjwa na karatasi ile pana tafsiri ambayo hakuna aliyeihakiki. Mtafsiri ni muuguzi aliyechoka, au mjukuu wa darasa la nane aliyekuja kumletea babu uji.

Hali huwa mbaya zaidi mgonjwa anapopoteza fahamu. Wana hukutana kwenye ushoroba. Kifungua mimba amefika kutoka Nairobi, binti aliyemuuguza mzazi kwa miezi yupo, na ndugu aliye Marekani anasikika kwenye simu. Kila mmoja hudai kujua alichokitaka mzee. Hakuna anayetaka kuja kuitwa muuaji wa baba, kwa hivyo wote hukubaliana na lile lisiloweza kulaumiwa: afanyiwe kila kitu. Mgonjwa huhamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, michango huitishwa, kipande cha shamba huuzwa, na pengine mzee hufariki wiki tatu baadaye akiwa na mirija mwilini, mbali na sauti alizozizoea.

Isidhaniwe kwamba kosa huwa la upande mmoja tu. Wapo pia ambao wangetaka kupambana hadi pumzi ya mwisho, lakini wakarudishwa nyumbani kwa sababu jamaa wamechoka au wameishiwa, kisha ikasemwa kwamba "mzee mwenyewe alitaka kupumzika". Mtu wa aina hii naye amenyang'anywa kauli. Maandishi ninayoyatetea humlinda huyu na yule.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 28 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na kile cha 57 kinawataja wazee hasa, kuwa wana haki ya kuishi kwa heshima.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakwenda mbali zaidi. Sehemu ya 8 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa tiba anayopendekezewa. Aidha, inamtaka, pale inapowezekana, afanye hivyo kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Sehemu ya 9 inaeleza kwamba mgonjwa asiyeweza kutoa idhini anaweza kutolewa idhini hiyo na mtu aliyemteua kwa maandishi. Asipokuwepo mtu huyo, ndipo jamaa wa karibu huulizwa.

Kwa hivyo mlango upo, ila wachache wanajua kwamba umefunguliwa. Sheria ile haikutoa mfano wa hati ambayo mgonjwa anaweza kuijaza, sembuse mfano wa Kiswahili. Pengo hilo ndilo ninalolizungumzia.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili kwa miongo kadhaa. Wakili Luis Kutner wa Chicago alilipendekeza wazo la hati ya namna hii mwaka 1969, na mwaka 1976 jimbo la California likawa la kwanza nchini Marekani kulitungia sheria. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 2005 inasema kwamba anayekataa mapema tiba ya kuokoa uhai lazima aandike, atie sahihi mbele ya shahidi, na atamke waziwazi kuwa uamuzi wake unasimama hata kama uhai wake utakuwa hatarini. Nchini India, Mahakama ya Juu ilizitambua hati hizi mwaka 2018. Masharti yake yalikuwa mazito kiasi cha kumtaka mwandishi apate sahihi ya hakimu, hadi yalipolegezwa mwaka 2023. Funzo ni kuwa haki iliyofungiwa nyuma ya urasimu haimfikii mgonjwa. Nami naongeza kuwa haki iliyofungiwa nyuma ya lugha ya kigeni haimfikii vilevile.

Tuiite nini?

Kila mwanaisimu anajua kwamba dhana isiyo na jina haisafiri. Wapo wanaoiita hati hii "wosia hai". Jina hili ni tafsiri sisisi na linapotosha. Katika Kiswahili, wosia ukiwa "hai" maana yake ni kwamba wosia wenyewe haujafa, si kwamba mwandishi wake yu hai. Wapo pia wanaopendelea "wosia wa tiba". Jina hilo lina mvuto, kwa kuwa "wosia" au "wasia" si mgawo wa mali pekee, bali pia ni nasaha na maagizo ya mzazi kwa wanawe. Hata hivyo, fikra ya kawaida ya Mkenya wa leo ni kwamba wosia hufunguliwa mtu akishazikwa. Hati tunayoizungumzia hufanya kazi mwenyewe akiwa hai. Mwana akiambiwa kuwa kuna wosia, yamkini ataufungia kabatini hadi siku ya matanga, na kufikia hapo hauna kazi tena.

Istilahi nyingine ni "agizo la tiba". Hii nayo inazidisha. Mgonjwa ana haki ya kukataa tiba, lakini hawezi kumwamuru daktari ampe tiba isiyofaa kitaalamu. Kwa maoni yangu, "hati ya matakwa ya tiba" inafaa zaidi. Neno "hati" linaonyesha kwamba ni maandishi yenye uzito, "matakwa" linaonyesha kwamba yanatoka kwake na si kwa daktari, na "tiba" linaondoa wazo la urithi. Atakayepata bora zaidi na alete. Lililo muhimu ni kwamba mjadala huu ufanyike kwa Kiswahili na miongoni mwetu.

Hatari ya tasfida

Tatizo kubwa kuliko jina ni lugha ya ndani ya hati. Utamaduni wetu hukihofia kifo, na Kiswahili kina hazina kubwa ya tasfida za kukizungukia. Mtu huaga dunia, hututoka, hutangulia mbele ya haki, hulala, hupumzika. Katika tanzia maneno haya yanafariji. Katika hati ya tiba yanaweza kuua, au yanaweza kumtesa asiyetaka kuteswa.

Tuchukue mfano mdogo. Bibi wa miaka 85 anamwambia mwanawe, "Nimechoka mwanangu, niache nipumzike." Mwana anayejua pragmatiki ya kwao ataelewa kwamba mama hataki tena kurudishwa hospitalini. Daktari mgeni ataelewa kwamba mama hakulala vizuri usiku. Na mwana mwenye tamaa ya shamba ataelewa lile linalomfaa. Sentensi ni moja, tafsiri ni tatu, na mwenye sentensi hayupo wa kuulizwa.

Sarufi nayo ina mitego yake. Kiambishi "-ki-" cha masharti hakitofautishi kwa urahisi kati ya jambo ambalo huenda likatokea na jambo ambalo litatokea kwa muda tu. Mtu akiandika, "Nikipoteza fahamu msiniwekee mashine," je, sentensi hiyo inamhusu siku atakapogongwa na pikipiki, akazirai kwa saa moja na akaweza kuokolewa? Kauli ya kutendwa pia humficha mtenda. "Isiamuliwe bila kuulizwa" ni maneno matamu, lakini nani asiamue, na nani aulizwe? Hata neno "mashine" halitoshi. Ipo mashine ya kupumulia, ipo ya kusafisha damu figo zinapofeli, na upo mtungi wa oksijeni ambao wengi huuita mashine ilhali kazi yake huenda ikawa ni kumpunguzia mgonjwa taabu ya kuhema.

Linganisha na sentensi hii: "Iwapo madaktari wawili watathibitisha kwamba sitarejewa na fahamu, sitaki kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia, hata kama kutowekwa huko kutasababisha kifo changu. Nataka niendelee kupewa dawa za kutuliza maumivu." Haina urembo. Inalitaja neno "kifo" bila kulifunika. Lakini daktari wa Lodwar na mwana wa Likoni wataielewa kwa namna moja. Kuandika sentensi ya namna hii kunahitaji mtu aliyesoma semantiki na sintaksia ya Kiswahili, na watu hao tumo humu madarasani tukitafuta mada za tasnifu.

Je, jambo hili ni geni kwetu?

Watasema baadhi kwamba huu ni uzungu mtupu. Nawajibu kwa kuwakumbusha Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akamwachia binti yake. Naam, wasia ule unahusu maadili na maisha ya ndoa, si tiba. Lakini tendo lenyewe ndilo ninalolisisitiza: mgonjwa anayejua kuwa siku zake zinahesabika anamwita mwanawe, anakaa naye, anatafuta maneno na kuyaweka katika maandishi ili yasipotee. Tendo hilo ni la Mswahili wa karne ya 19, si la mgeni. Aidha, mafundisho ya Kiislamu humhimiza muumini awe na wasia wake ulioandikwa. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Pius XII alieleza mwaka 1957 kwamba mgonjwa halazimiki kupokea njia za tiba zisizo za kawaida na zinazoelemea. Kuandika matakwa ya tiba si sawa na kujiua wala kuuawa kwa huruma, jambo ambalo sheria yetu inalikataza. Ni kusema wapi tiba ikome na uangalizi uendelee.

Kuhusu hatari ya kuyaacha matakwa midomoni, historia yetu ina mfano ambao hatujausahau. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake walibishana mahakamani juu ya mahali pa kumzika. Mashahidi walisimama wakaeleza aliyoyasema akiwa hai, na maelezo yao yakapingana. Alizikwa Nyalgunga mwaka 1987, baada ya miezi mitano hivi ya kesi. Ile ilikuwa kesi ya mazishi na iliamuliwa kwa misingi ya mila, lakini funzo lake kuhusu kumbukumbu linabaki. Tena, Sheria ya Urithi yenyewe inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa kawaida hauna nguvu iwapo msemaji hakufariki ndani ya miezi mitatu. Ikiwa neno la mdomo kuhusu ng'ombe halitegemewi baada ya miezi mitatu, kwa nini neno kuhusu pumzi ya mtu litegemewe baada ya miaka mitatu?

Pingamizi zenye uzito

Pingamizi la kwanza ni la uchuro, kwamba kukitaja kifo ni kukiita. Hofu hii haifai kubezwa. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kimya hakijawahi kumzuia Izraili mlangoni. La busara ni kuanza mazungumzo mapema, mtu akiwa na nguvu zake, kwa swali jepesi: "Mama, ukizidiwa ungependa nani aketi nasi tunapozungumza na daktari?" Swali hilo halimwiti mtu kaburini. Linampa heshima.

Pingamizi la pili ni la ujamaa. Inasemwa kwamba Mwafrika haamui peke yake. Ni kweli, na hati nzuri haimtengi mtu na jamaa zake. Anayetaka mambo yake yaamuliwe na wanawe wote, au na dada yake mkubwa, na aandike hivyo. Hayo nayo ni matakwa. Kinachokataliwa hapa ni jamaa kujitwalia sauti ambayo mwenyewe hakuwapa.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni la umaskini. Karatasi hii isije ikawa njia ya kumwondoa maskini kitandani. Ninalikubali pingamizi hili kwa dhati, na ndiyo sababu nasema hati isiwe kamwe sharti la kulazwa, isiletwe pamoja na bili, na iwe na nafasi iliyo wazi ya kuandika, "Nataka kila tiba inayofaa." Fauka ya hayo, uchaguzi kati ya mashine na maumivu si uchaguzi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka serikali ziimarishe tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mahangaiko hata pale ugonjwa usipoponyeka. Nchini Kenya kazi hiyo ina mizizi tangu kuanzishwa kwa Nairobi Hospice mwaka 1990. Anayetetea hati ya matakwa bila kutetea tiba shufaa amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyo hatari.

Tufanye nini?

Sheria ya Afya inataja lugha anayoielewa mgonjwa. Haitaji lugha rasmi. Nyanya wa Kitui huenda anaelewa Kikamba tu. Kwa hivyo nafasi ya Kiswahili si kuziba midomo ya lugha nyingine bali kuwa daraja. Hati iliyoandikwa vyema kwa Kiswahili ni rahisi zaidi kuhamishiwa Kikamba, Dholuo au Kigiriama kuliko ile ya Kiingereza cha mahakamani.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kiunde kikundi cha istilahi kitakachoketi na wanafunzi wa uuguzi, udaktari na sheria, kianze na maneno ishirini tu: mashine ya kupumulia, kushtua moyo, mrija wa chakula, tiba shufaa na mengineyo. Kila neno lipimwe kwa wazee, si kwa kuwauliza kama wameelewa, bali kwa kuwaomba walieleze upya kwa maneno yao. Pili, kikundi hicho kiandae mfano wa hati ya ukurasa mmoja, uhakikiwe na mawakili na madaktari, na uambatane na njia ya kurekodi sauti ya asiyejua kusoma. Tatu, idara zetu zikubali tasnifu za tafsiri na ukalimani wa hospitalini. Tasnifu kuhusu taswira katika riwaya tunazo tele, na ni nzuri. Lakini yupo mgonjwa anayehitaji sintaksia yetu usiku wa leo.

Kila Julai 7 sasa tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani. Hutoa hotuba, hughani mashairi, hudai Kiswahili kipewe hadhi. Hadhi ya lugha hupimwa kwa kazi inayoaminiwa kuifanya. Lugha inayoweza kubeba kauli ya mwisho ya mtu, ikaifikisha kwa daktari bila kupungua wala kuzidi, haihitaji kuombewa hadhi na yeyote. Basi na tukate kauli, wenzangu, tukiwa bado na kauli.